Jumamosi kwa Bibi wa Sinema

Rafiki yangu, sijui kama jambo kama hili limewahi kukupata: unaingia mahali kwa bahati tu, kujikinga na baridi, na humo ndani unakutana na mwandiko wako wa utotoni umefungiwa kwenye sanduku la kioo, na chini yake limeandikwa jina la mtu mwingine.

Mimi lilinipata mwezi uliopita, hapa hapa Stockholm. Nilikuwa natoka kazini, mvua imechanganyika na theluji, na treni zimechelewa kama kawaida yake siku za namna hiyo. Nikaingia kwenye jumba moja la sinema katikati ya mji ili nipate joto. Ukumbini walikuwa wamepanga maonyesho madogo ya filamu za zamani: mabango, glavu ndefu nyeupe, kioo cha kujipodolea, na picha kubwa nyeusi na nyeupe ya msichana anayecheka, kichwa amekirusha nyuma, shingo yote nje. Nilimjua kabla sijasoma jina. Kisha nikauona ule ukurasa. Karatasi ya daftari la shule, mistari ya buluu, maandishi ya penseli. "Nilizaliwa katika nyumba iliyonuka sabuni," ndivyo ulivyoanza, kwa Kiswidi, na neno la sabuni lilikuwa limekosewa, likafutwa, likaandikwa upya, likafutwa tena, hata karatasi ikakaribia kutoboka. Kibandiko cha chini kilisema: ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu zake, kwa mkono wake mwenyewe, alipokuwa amevuka miaka themanini.

Mkono wake mwenyewe! Ule ulikuwa mkono wangu. Nilikuwa na miaka tisa.

Nilimwendea binti aliyekuwa akikata tiketi, nikamwambia, "Samahani, ukurasa ule niliuandika mimi."

Akaniangalia kwa upole, akatabasamu. "Ndiyo," akasema, "wengi wanaguswa sana na ukurasa ule."

Nikavaa kofia yangu nikatoka.

Jina lake sitakutajia. Waswidi wa umri wa kutosha wote wanalijua, na wasiolijua hawajapungukiwa kitu. Sisi nyumbani tulimwita koko, neno ambalo watu wa kwetu Kivu huwaitia bibi na babu. Mama ndiye aliyeanza kumwita hivyo, na mwenyewe akalipenda. Alidhani ni jina la Kifaransa la mapenzi, na Mama hakumsahihisha.

Tulikuwa wawili tu, Mama na mimi. Baba tulimzika Uvira kabla ya safari. Tulipewa nyumba Alby, pembezoni mwa mji, ghorofa ya tano, katika jengo ambalo ukipanda ngazi zake saa ya chakula ungeweza kutaja nchi kwa pua: hapa vitunguu na binzari, pale samaki mkavu, pale kahawa iliyokaangwa pamoja na iliki, na kwenye mlango wetu sombe, majani ya muhogo yaliyochemka tangu asubuhi. Mama alipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa, kuwatandikia. Alipewa karatasi ya kila mzee, imeandikwa nini afanye na kwa dakika ngapi, naye aliikunja karatasi hiyo mara nne akaitia kifuani kama barua ya posta.

Siku za Jumamosi hakuwa na pa kuniacha. Kumpeleka mtoto kazini hakukuruhusiwa, lakini koko, mzee wake wa Vällingby, alisema mlete, nani atajua? Basi tukawa tunapanda treni ya laini nyekundu kutoka Alby, tunabadilisha mjini, tunachukua ya kijani kwenda magharibi. Kituoni Vällingby kuna uwanja uliotandazwa mawe kwa miduara mikubwa mikubwa, nami nilikuwa naruka kutoka duara hadi duara bila kukanyaga katikati, Mama akinivuta mkono, "Fanya haraka, mutoto, koko anangoja." Chini ya jengo lake palikuwa na duka la mikate. Wanatengeneza huku vimkate vya kusokota vya iliki, na harufu ile ilipopanda kwenye ngazi mimi nilikuwa nafunga macho nikajiona Uvira, asubuhi ya Krismasi, sufuria ya mafuta ikilia.

Koko alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Alipaka rangi nyekundu ya midomo hata kwa kunywa uji. Nyumba yake ilinukia poda, kahawa na kafuri, na mapazia yalikuwa mazito kiasi kwamba mchana wa Juni ulionekana kama jioni. Siku ya kwanza alinikagua kutoka kichwa hadi viatu, kisha akauliza, "Unajua kuandika?"

"Najua."

"Kuandika vizuri, au kuandika tu?"

"Vizuri," nikasema. Mwalimu wangu alikuwa amenibandikia nyota ya dhahabu wiki ile.

Akanyoosha mikono yake niione. Ilitetemeka kama majani. Hakuweza kushika kikombe bila Mama, seuze kalamu. Na alikuwa na maneno mengi kifuani. Mama akatoka akanunua madaftari ya shule na penseli, na tangu Jumamosi iliyofuata mimi nikawa mkono wa koko. Alikaa kwenye kochi la mahameli, mimi nikakaa kwenye kiti cha mbao mbele yake, miguu haifiki chini, na alisema nikaandika. Jikoni maji yalitiririka, Mama akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini huku akimenya viazi. Koko alikataa viazi vya kuchemsha baada ya mwezi mmoja. Alitaka maharage ya Mama, yale ya mawese. Mama akawa anayabeba kutoka Alby kwenye kopo lililofungwa kwa kitambaa, ingawa kwenye karatasi yake ya kazi hapakuwa na maharage.

Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha ya mwanamke yule kuliko nilivyoyajua ya bibi yangu mzaa mama. Alizaliwa upande wa Söder, wakati huo mtaa wa watu wa jasho, nyumba ya chumba kimoja na jiko. Mama yake alikuwa dobi. Alifulia wenye nyumba za maana, mikono imevimba na kupasuka kwa magadi, na msichana alikua kati ya mashuka ya watu wengine. Akiwa na miaka kumi na sita aliajiriwa duka la glavu. Mwongozaji mmoja wa filamu aliingia kumnunulia mkewe zawadi, msichana akamvisha mwanamume yule glavu ya kike ili kupima, haikuingia, na akacheka. Mwongozaji akasema, "Cheka tena." Akacheka. "Kesho njoo studio, ucheke vile vile."

Kicheko kile kikamtoa. Katika filamu ya kwanza alikuwa mkamuaji wa maziwa aliyekaa juu ya ua wa mbao wakati wa kiangazi, jua halizami, na kazi yake ilikuwa kucheka kijana wa mjini anapoanguka matopeni. Walimchekesha mara arobaini mpaka mbavu zikauma. Watu wakajaa kwenye majumba ya sinema nchi nzima ili kumsikia. Studio ikamfundisha kutembea, kuvuta sigara bila kukohoa, na kuusahau usemi wa Söder. Aliniambia walimtia kizibo cha chupa kati ya meno wakamwambia asome gazeti kwa sauti.

Alicheza filamu moja baada ya nyingine. Kisha wakamwita ng'ambo ya Atlantiki, akapanda meli akiwa na makasha sita. Kule walimnyoosha meno, wakambadilisha jina, wakamvika kila aina ya gauni, na kwa karibu mwaka mzima hawakumpa zaidi ya sentensi tatu za kusema. Aliporudi nyumbani alikuta nafasi yake imekaliwa na msichana mwingine, naye ana kicheko chake. Yule mwongozaji aliyemwokota dukani hakutoka hata mlangoni kumlaki. Baada ya hapo ikawa michezo ya jukwaani katika miji midogo, halafu redio, halafu kaunta ya manukato kwenye duka kubwa la mjini. Wateja walimwangalia wakimuuliza, "Wewe si yule?" Naye akajibu, "Hapana, lakini wengi wananifananisha naye."

Nilimhurumia, rafiki yangu. Nilimhurumia mpaka penseli ikalowa.

Na kuna Jumamosi moja, ilikuwa ya baridi kali, koko aliniambia nifungue ukurasa mpya. Kisha akanieleza kisa ambacho, alisema, hajawahi kumwambia mtu. Wakati wa filamu yake ya tatu walikuwa wanapiga picha nje, kwenye theluji. Mama yake akasikia. Akatembea kutoka Söder hadi studio, mwendo wa saa nyingi, na soksi za sufu alizozifuma mwenyewe chini ya shali. Akatokea katikati ya watu wale, na viatu vyake vya mbao na mikono yake ile myekundu. Mwongozaji akauliza, "Huyu ni nani?"

"Nikasema," koko akaniambia, "ni mwanamke anayenifulia nguo."

Niliacha kuandika. "Yeye akafanya nini?"

"Alipiga goti kidogo, kama madobi walivyokuwa wanawasalimu mabwana. Akamkabidhi mwongozaji zile soksi, akasema, 'Nguo za bibi mdogo ziko tayari.' Akaondoka. Hakuwahi kunitajia siku ile mpaka anakufa." Machozi yalikuwa yanachimba mifereji kwenye poda. "Yeye ndiye aliyekuwa mwigizaji, mtoto. Andika hivyo. Andika kwamba katika maisha yangu yote hilo ndilo jambo baya kuliko mengine."

Niliandika. Mama akatoka jikoni na chai, akaona koko analia, akamkumbatia kichwa bila kuuliza sababu. Siku ile koko alinishika kidevu akasema, "Kitabu hiki kikitoka, kwenye ukurasa wa kwanza kutakuwa na jina lako na jina la mama yako. Kwa sababu bila ninyi wawili mimi ni kiti na kochi tu." Nilimtafsiria Mama. Mama akasema, "Mwambie aksanti. Mwambie wema hauozi." Ulikuwa msemo wake wa kila siku.

Nami nikaenda kutangaza. Nilimwambia mwalimu, nikawaambia wenzangu darasani, nikawaambia watoto wa ngazi zote mbili za jengo letu kwamba jina langu litakuwa kwenye kitabu cha mcheza sinema. Mama naye hakubaki nyuma. Kanisani, baada ya ibada, alimwambia mchungaji, akamwambia jirani yetu Mkenya aliyekuwa muuguzi, naye jirani akaeneza mpaka mji wa Södertälje.

Haikupita muda, mpwa wa koko akajitokeza. Katika Jumamosi zote zile sikuwahi kumwona wala kusikia akipiga simu. Alikuja na keki na habari: watu wa televisheni wanatengeneza kipindi juu ya nyota waliosahauliwa, wanataka kuja nyumbani.

Siku ya kuja kwao Mama alifika Vällingby alfajiri, nami nikiwa nyuma yake nimevaa gauni la kanisani. Alimwosha koko nywele, akamviringisha rola, akamvisha blauzi ya hariri, akafunga vifungo kimoja kimoja kwa sababu koko hakuweza. Alipiga pasi mapazia yakiwa yananing'inia. Alikuwa amekaanga maandazi yetu ya mviringo tangu usiku wa kuamkia, akayapanga kwenye sahani nzuri ya kaure. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akamtazama koko, akasema kwa Kiswahili, "Sasa unafanana malkia." Koko hakuhitaji tafsiri.

Wakaingia wanaume wawili na mwanamke, nyaya na taa. Mwanamke ndiye aliyekuwa muulizaji. Alitusalimu vizuri, akageuka kwa koko. "Na hawa ni akina nani?"

Koko hakutuangalia. Alikuwa anatazama kioo cha kamera, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko siku zote.

"Ni mfanyausafi tu," akasema, "na mtoto wake. Watangoja jikoni."

Kiswidi cha Mama kilikuwa kidogo, lakini neno hilo alilijua. Ni katika maneno ya kwanza ambayo mgeni hujifunza katika nchi hii. Nilimtazama usoni. Aliinamisha kichwa mara moja kumpa heshima yule muulizaji, akanishika bega, tukaenda jikoni, akaufunga mlango taratibu bila kutoa sauti. Kisha akafungulia maji akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mimi nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikisikia kicheko kinatoka sebuleni, kile cha filamu, chenye sauti zote zake. Nilikuwa na miaka kumi sasa. Ukurasa wa soksi za sufu nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu, wiki tatu tu zilizopita. Sikuelewa vipi mtu anaweza kulia vile kwa ajili ya jambo, kisha akalifanya tena asubuhi ya jua, akiwa amevaa hariri.

Walipoondoka, koko aliniita. "Usivimbe," akasema. "Televisheni wanataka bibi kizee mpweke. Nimewapa wanachotaka. Kitabu ni kitu kingine. Kaa, tuandike." Na mimi, rafiki yangu, nilikaa. Nilichonga penseli nikaandika sura mbili nyingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote.

Kipindi kilionyeshwa Jumapili moja alasiri. Mama alikuwa ameshawaalika watu tangu zamani, na hakujua namna ya kuwazuia. Wakaja kumi na wawili, wakajaa kwenye kochi, kwenye viti vya kuazima na chini kwenye zulia. Koko akatokea kwenye kioo, mzuri ajabu. Akasema kwamba kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekikalia kile kiti cha mbao mbele yake. Kamera ikakionyesha kiti changu, kitupu. Akasema anaandika kumbukumbu zake peke yake, kila asubuhi, neno kwa neno, na kwamba mpwa wake ndiye mtu pekee anayemkumbuka.

Jirani Mkenya akageuza shingo. "Sasa, Mama, nyinyi mko wapi hapo?"

"Tuko nyuma," Mama akasema.

Kisha kamera ikapita juu ya meza, na yule jirani akaruka. "Haki ya Mungu! Hayo si maandazi yako hayo? Hakuna Mzungu anayekaanga hivyo!" Watu wakaangua kicheko, mchungaji akapiga makofi, na Mama naye akacheka, akainuka, akasema ngoja aangalie maji ya chai. Alikaa huko jikoni mpaka kipindi kikaisha.

Kitabu kilitoka masika yale. Mwalimu wangu alikinunua kwa fedha zake, mtu mwema, akakileta darasani kimefungwa kwa karatasi ya zawadi. "Leo tutalisoma jina la mwenzetu," akasema. Akanipa mimi nikifungue mbele ya wote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi moja: kwa mpwa wangu, mkono wangu wa kulia na nuru ya uzee wangu. Nikageuza ukurasa wa pili, wa tatu. Nikaenda mwisho, kwenye shukrani. Kulikuwa na watu wa studio waliokufa zamani, kulikuwa na daktari, kulikuwa na paka. Nikatafuta soksi za sufu. Hazikuwepo. Mama yake dobi alikuwa amewekwa humo kama mwanamke aliyekuja studio kila wiki kumpongeza binti yake.

Mwalimu aliniwekea mkono begani. Alisema kwa sauti laini, ili wenzangu wasicheke, "Kuwa na mawazo ya kubuni si vibaya. Waandishi wakubwa wote walianza hivyo."

Mwongo mdogo. Ndivyo nilivyoitwa mpaka nilipomaliza shule ile.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Vällingby mara ya mwisho, na kitabu mkononi. Sikukaa kwenye kiti.

"Uliahidi," nikamwambia.

Koko alikuwa anangoja Mama ampe dawa. Alinitazama, kisha akatazama dirishani. "Mpwa wangu ndiye aliyezungumza na wachapishaji. Watu hawanunui kumbukumbu za mwigizaji zilizoandikwa na mtoto wa Alby."

"Lakini zimeandikwa na mtoto wa Alby."

Hapo akacheka. Alirusha kichwa nyuma, akaifungua shingo yake nzee, akanipa kile kicheko kizima, kama vile nami nilikuwa kijana wa mjini nimeanguka matopeni. Mama akasimama mlangoni na glasi ya maji.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Tangu tufike nchi hii nilikuwa nimemtafsiria Mama kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa ofisi za kila namna, na sikuwahi kumdanganya hata neno. Siku ile nikasema, "Anasema asante."

"Mwambie karibu," Mama akasema, akampa dawa.

Sikurudi tena. Mama aliendelea kwenda kwa zaidi ya miaka miwili, nami nilimkasirikia kwa kila safari. Nilipomuuliza kwa nini haombi apewe mzee mwingine, alisema kazi ni kazi, akavaa koti. Siku koko alipofariki alirudi nyumbani saa sita mchana, akavua viatu, akalala mpaka jioni. Kwenye mazishi alikwenda peke yake. Mimi nilisema nina mtihani. Sikuwa na mtihani.

Mama sasa amestaafu, bado yuko Alby, ghorofa ile ile, magoti yanamsumbua. Jumapili baada ya kuuona ule ukurasa kwenye kioo nilimpelekea samaki, nikamsimulia. Akasikiliza huku akitoa miba.

"Na wewe ukanyamaza?" akauliza.

"Nilisema. Hawakusikia."

Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hii sikulijua. "Ile siku ya 'asante', nilijua haikuwa asante. Uso wako nilikuwa naona. Tangu ile siku sikumupikia tena maharage. Nilikuwa nafanya ile iko kwenye karatasi. Kuoga, dawa, viazi. Kuimba nikaacha. Akaniuliza kwa Kifaransa chake kidogo, maharage yako wapi? Nikamwambia, mfanyausafi hapikake."

"Akasema nini?"

"Alikula viazi." Mama akafuta vidole. "Miaka miwili alikula viazi. Siku ingine alilia juu ya sahani. Mimi nikatazama dirisha. Na mimi najua Mungu aliniona."

Nilikuwa nimemdhani Mama mtakatifu au mjinga, na kumbe hakuwa kimojawapo. Nikagundua pia kwamba ule msemo wake wa wema sijausikia kinywani mwake tangu nikiwa msichana.

Unajua, rafiki yangu, watu wakikumbuka utoto husema kilichopotea ni mahali: duka la mikate limefungwa, jengo limepakwa rangi nyingine, wazee wamekwisha. Na kweli, yote hayo yamepotea Vällingby. Ila mimi kilichonipotea ni Jumamosi zenyewe. Yoyote kati ya hizo ningeweza kuirudia moyoni, nikasikia maji jikoni na utenzi wa Mama, lakini kila nikifika kwenye kochi lile najiuliza: je, pale alipolia, alikuwa analia? Au alikuwa anafanya mazoezi mbele yangu? Sina wa kumuuliza. Amezichukua, na hata kuzichukia kwa moyo mmoja hakuniachia.

Na kuna kitu kimoja alichokiacha ambacho siwezi kukirudisha. Waswidi wana sauti moja ngumu, katika neno lao la saba na neno lao la ziwa. Watoto wa Alby huitoa kooni, nzito, kama wanapuliza makaa. Koko hakuivumilia. Kila Jumamosi kabla ya kuandika alinisimamisha, akaniambia niitoe mbele, kwenye meno, nyembamba, kama mabibi wa jukwaani wa zamani, na mimi nikaitoa hivyo mpaka ikakomaa mdomoni. Kazini watu huniuliza nilijifunza wapi Kiswidi cha namna hii, wanasema ninasikika kama redio ya bibi zao. Nimejaribu miaka mingi kuisahau. Haisahauliki.

Binti yangu ana miaka sita. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, kama watoto wote wa huku. Juzi alikuwa anapanda ngazi za kwa Mama, anahesabu kwa sauti, kwa Kiswidi, watoto wa jirani wakihesabu naye. Moja, mbili, tatu. Walipofika saba, wenzake wote waliitoa kooni. Yeye akaitoa kwenye meno, kama mimi, nyembamba, safi. Wakamcheka. Akageuka kunitazama mimi, akingoja nimwambie nani kakosea.